Paka kaacha choo chake kahamia kitandani, ananikomoa?

Safari hii barua nyingi zimekuja na harufu moja, mkojo wa paka, kwahiyo nimeamua nizijibu kwa mkupuo. Ya kwanza nitakaa nayo sana maana ndani yake kuna karibu kila kosa ambalo na mimi niliwahi kulifanya.

Dokta habari za kazi. Nina paka jike wa miaka minne, nimemlea tangu anaenea kiganjani, hajawahi kunisumbua hata siku moja, anaingia kwenye beseni lake la mchanga anafukua anafanya yake anafukia anaondoka zake. Sasa ni wiki ya tatu kaanza kukojoa kitandani kwetu, tena upande wa mume wangu, na juzi kakojolea kizulia cha bafuni. Nimemgombeza, nimemkamata nikamsugua pua palepale, ndo kwanza kazidisha. Mume wangu anasema ananikomoa kwa sababu tulisafiri siku tano tukamwachia jirani awe anakuja kumpa chakula. Alafu nisisahau, tuliporudi nilimnunulia choo kipya kizuri chenye kifuniko na kamlango, na mchanga unaonukia maua, maana wageni walikuwa wanaguna. Ana nini huyu? – Mama wa mashuka

Dada yangu pole kwa kufua. Tuanze na hilo la kukomoa tulimalize. Ili umkomoe mtu inabidi uweke kinyongo, ukikalie, upange siku, uchague pale patakapomuuma, na ujue kwamba kesho akiona atakumbuka alichokufanyia. Paka hana hesabu hizo. Kitanda anakipenda kwa sababu zake, ni laini, kinanyonya haraka mkojo haumrukii miguuni, kiko juu anaona nani anakuja, na kimejaa harufu yenu. Paka mwenye wasiwasi anatafuta sehemu yenye harufu ya watu wake achanganye na yake, na upande wa mumeo huenda ndo wenye harufu nzito zaidi, hapo mwambie ni sifa asikasirike.

Ila kabla ya choo, kabla ya mchanga, kabla ya kila kitu, mpeleke akapimwe mkojo. Najua unasema paka anakula, anacheza, mzima kabisa. Paka ni bingwa wa kuficha ugonjwa, atakula na kucheza huku kibofu kinawaka moto. Kwahiyo mtu akinipigia simu kuhusu paka aliyeacha beseni mi siulizi amemkasirikia nani, nauliza mkojo ukoje. Ni matone matone, kidogo hapa kidogo pale, mara nyingi kwa siku? Hiyo inanyooshea kidole kibofu. Ni dimbwi kubwa, na maji ya kunywa yanaisha haraka kuliko zamani? Hapo nawaza figo, kisukari, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hizi zinapenda paka wa makamo na wazee. Una wekundu? Anajilamba sana chini huko? Analia akiwa anakojoa? Haya yote yaandike kwenye karatasi uende nayo, maana ukifika mbele ya daktari utasahau nusu.

Kwa paka wa umri wa huyu wako, kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kibofu kuvimba bila bakteria yeyote. Ndiyo, bila bakteria, ndo maana antibiotiki za kujinunulia mara nyingi hazifanyi kitu. Kibofu kinavimba, kinauma, kinatoa hata damu, alafu baada ya kama wiki hivi kinatulia chenyewe, na baada ya muda kinarudi tena. Na unajua kinachokiamsha ni nini? Wasiwasi. Ratiba kubadilika, mgeni kuhamia, fanicha kusogezwa, wenye nyumba kuondoka siku tano. Kwahiyo mumeo kapata nusu ya maksi, safari yenu inaweza kweli kuwa na mkono wake humu, ila imepitia kwenye kibofu, haijapitia kwenye kisasi.

Sababu nyingine ni chembechembe ngumu kwenye mkojo, au vijiwe kabisa. Kuna aina inaitwa struvaiti ambayo chakula maalumu kinaweza kuiyeyusha, na kuna ya kalsiamu oksaleti ambayo haiyeyuki hata umlishe nini, ikishakuwa jiwe inabidi itolewe. Huwezi kuzitofautisha kwa macho ukiwa nyumbani, ndo maana nasema vipimo.

Sasa hapa kuna kitu watu hawakijui. Hata kibofu kikipona, paka anaweza kuendelea kulikwepa beseni, maana kichwani kwake kilichokuwa kinamuuma ni lile beseni. Aliingia, akachuchumaa, akachomwa. Kesho akaingia, akachomwa. Siku ya tatu akajaribu kwenye shuka. Kwahiyo dawa peke yake inaweza isitoshe, inabidi na choo chenyewe kijisafishe jina.

Na choo chako dada, samahani, kina kesi nyingi. Mababu wa paka wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, watu wa sehemu kavu zenye mchanga, wanachimba popote penye udongo laini, wanafukia, wanaondoka, kesho wanachimba pengine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia ndani ya kibanda cha plastiki chenye mlango wa kubembea akakuta maua. Pua ya paka inanusa mbali sana kuliko yetu, harufu ambayo kwako ni waridi la mbali kwake ni kama mtu kamwagia chupa nzima ya manukato chooni alafu kafunga dirisha. Kifuniko nacho kinawasaidia wageni tu, harufu yote imebaki mle ndani na anayeingia mle ni paka. Tena akiwa ndani haoni nani anakuja, na mlango ni mmoja. Wapo paka wasiojali kifuniko, ila ukibadilisha choo na mchanga kwa siku moja, wiki ileile paka ametoka kuachwa siku tano, umempa mambo matatu kwa pamoja.

Fanya hivi. Rudisha beseni lake la zamani, wazi bila kifuniko, lisafi, weka mchanga usio na harufu wenye chembe ndogondogo, kina kama sentimita 5, uweke palepale lilipokuwa. Kile kipya usikitupe, kiweke chumba kingine, toa mlango na kifuniko. Mpe wiki mbili uone anapigia kura kipi. Siku nyingine ukitaka kubadilisha mchanga changanya kidogokidogo, leo kiganja kimoja, kesho viwili, mpaka wiki moja au zaidi ipite, usimwamshie asubuhi na dunia mpya.

Ukubwa nao angalia. Beseni linatakiwa kuwa na urefu wa paka mara moja na nusu, pima kutoka puani mpaka mkia unapoanzia. Mengi yanayouzwa kwa jina la choo cha paka ni madogo mno, paka akigeuka mkia unagusa ukuta, mi nilishaacha kuyanunua, nachukua boksi kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, nakata upande mmoja chini aweze kuingia, nasugua ncha zisimkwaruze, basi. Na idadi, paka mmoja mabeseni mawili, paka wawili matatu, yaani idadi yao jumlisha moja. Ila ukiyapanga yote sehemu moja yamebanana, kwa paka hilo ni beseni moja refu. Tawanya.

Kuhusu mahali naomba niungame. Paka wangu wa kwanza nilimuwekea choo nyuma ya mashine ya kufulia, nikajiona mjanja, hakuna anayeona hakuna anayenusa. Miezi miwili akaacha kukitumia akawa ananya kwenye kona ya sebule, nami nikiwa tayari nina cheti ukutani kinachosema najua wanyama! Siku moja nikapiga magoti, kisha nikalala kifudifudi pale nyuma ya mashine ili nione anachoona yeye. Giza. Nafasi ya kupita ni upana wa mkono. Nikiwa bado nimelala mashine ikaanza kukamua, sakafu nzima ikatetemeka mpaka meno yakagongana. Nikaelewa. Nilipohamisha beseni kwenda kwenye korido tulivu lenye pande mbili za kutokea, ile kona ya sebule ilisahaulika ndani ya siku nne.

Usafi sasa. Chota kila siku, mara mbili ukiweza, na beseni lote lioshwe kwa maji ya moto na sabuni isiyonukia, mara ngapi inategemea mchanga ulionao lakini usisubiri mpaka uisikie harufu ukiwa mlangoni. Plastiki ikishajaa mikwaruzo ya kucha inanyonya harufu haitoki hata uisugue vipi, ibadilishe.

Kitanda na kile kizulia ukivisafisha nusu ni kazi bure, maana sehemu ikibaki na harufu ya mkojo kwa paka imeandikwa CHOO. Kama ni mbichi kwanza kandamiza kwa taulo mpaka inyonye, usisugue, alafu tumia sabuni yenye vimeng'enya (enzymes, vinavyomeng'enya uchafu) iliyotengenezwa kwa mikojo ya wanyama, iache ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa na sio dakika mbili ukafuta. Usitumie kitu chenye amonia, mkojo wenyewe ukioza unatoa amonia, utakuwa umemwekea alama upya. Na dawa ya klorini usimwagie juu ya mkojo kwenye chumba kisicho na hewa, ule moshi unakaba kifua. Madoa ya zamani usiyoyaona, zima taa usiku upitishe tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), yanang'aa, jiandae kisaikolojia maana utakuta mengi kuliko ulivyodhani.

La mwisho kwako, acha kumsugua pua. Anachojifunza pale ni kimoja, kwamba wewe ukiwepo kukojoa ni hatari, kwahiyo atatafuta sehemu usipokuwepo. Nyuma ya kochi. Kabatini. Ndani ya begi.

Dokta shikamoo, paka wangu dume tangu jana usiku anaingia na kutoka kwenye mchanga, anachuchumaa muda mrefu hatoi kitu, analia sauti ya ajabu, nadhani kavimbiwa choo kigumu, nimpe nini? – Kijana wa paka mmoja

Marahaba. Wewe sikukusubirisha mpaka ukurasa utoke, nilikujibu dakika ileile, lakini naiweka hapa kwa sababu itampata mwingine.

Paka dume anayechuchumaa hatoi mkojo ni dharura. Kesho haimfai, ni sasa hivi hata kama ni usiku. Watu wengi wanadhani ni choo kigumu kwa sababu mkao wake unafanana. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, chembechembe au ute ukiziba hapo mkojo unarudi nyuma, figo zinaanza kuumia ndani ya siku moja, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo unasimama. Ndani ya siku mbili au tatu anaweza kufa. Atatapika, atalala kizembe, tumbo ukiligusa kwa chini gumu kama chungwa na hataki uliguse. Usilikandamize. Atawekewa mrija wa kufungua njia, drip, na kulazwa.

Na tafadhali sana msiwape vidonge vyenu vya maumivu. Paracetamol inaua paka, ini lake halina namna ya kuisafisha kama la kwetu, hata kipande cha kidonge ni sumu. Huyu kijana kwa bahati alikuwa anauliza kabla ya kumpa, wengine wananiuliza baada.

Habari dokta, langu ni dume la mwaka mmoja, choo anatumia vizuri tu, lakini anarudi nyuma mpaka kwenye pazia, ananyanyua mkia unatetemeka, anapulizia. Nyumba yote inanuka beberu. Hii nayo ni ugonjwa wa kibofu?

Umeeleza vizuri mpaka nimeona ule mkia. Hapana, huyu anaandika tangazo. Kukojoa kwa kawaida paka anachuchumaa, anatoa mkojo mwingi, sehemu ya kulala chini. Kupulizia anasimama, mkia juu unatetemeka, kidogo tu, kwenye kitu kilichosimama, pazia, mlango, ubavu wa kochi. Na kwa vile choo bado anatumia, hilo linathibitisha. Anawaambia madume wengine na majike kwamba yupo.

Ahasiwe. Madume wengi sana, kama tisa kati ya kumi, wanaacha au wanapunguza kabisa wakishahasiwa, ila homoni haziondoki siku hiyohiyo, mpe wiki kadhaa usije ukanipigia kesho yake. Na ule unuko wa beberu nao unapungua. Kama kuna dume la nje linakuja kukaa dirishani linamwangalia, funika kioo kwa chini wasionane, maana hata aliyehasiwa anaweza kupulizia akichokozwa. Majike nao wapo wanaopulizia, wachache.

Mzee wangu wa miaka kumi na nne anakojoa ndani ya beseni ila kimba anakiacha nje, hatua moja tu kutoka pale, kila siku. Nimechanganyikiwa, mbona anajua choo kilipo?

Anajua, ndo maana kafika hatua moja. Huyo nahisi anaumwa maungio. Paka wengi wa umri huo wana viungo vilivyosagika na wenye nyumba hawajui, maana hachechemei, anaacha tu kuruka kwenye kabati, analala zaidi, manyoya ya mgongoni yanajikunja kwa sababu hafiki kujilamba. Kukojoa ni mkao wa muda mfupi, lakini kwa haja kubwa paka anazunguka, anakunja mgongo, anasogea sogea, na mchanga unamtitia chini ya miguu inayouma. Kwahiyo anaona bora sakafuni.

Mshushie ukingo wa beseni upande mmoja ubaki vidole viwili vitatu, liwe kubwa zaidi, mchanga uwe wa chini kidogo kuliko wa paka kijana, na uweke jingine ghorofa au chumba anacholala asipande ngazi. Angalia na kimba chenyewe, kikiwa vigololi vikavu basi anafunga choo na hiyo inauma pia, inaweza kuwa figo zimechoka mwili unakosa maji. Apimwe damu na mkojo. Dawa za maungio za paka zipo na zinasaidia sana, ziandikwe na aliyemshika kwa mikono yake.

Mchanga wa kawaida wa nje haufai? Lazima ule wa dukani?

Unafaa, kama ni msafi, mkavu na haujachafuliwa na paka wengine. Watu wametumia mchanga na majivu miaka mingi tu kabla ya hizi paketi. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, mama mmoja, jirani wa muuzaji aitwaye Edward Lowe, alikuwa amechoka na nyayo za majivu nyumba nzima, akaenda kumwomba mchanga, Lowe akampa punje za udongo mkavu walizokuwa wanauza viwandani kunyonyea mafuta yaliyomwagika, mama akarudi kutaka tena, na biashara nzima ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Tatizo la mchanga wa nje ni mzito na haunyonyi, mkojo unashuka chini unakaa, kwahiyo utaubadilisha wote mara kwa mara badala ya kuchota donge. Ule unaoganda madonge ni mzuri kwa mkubwa, ila vitoto vya wiki nne tano usiwape, vinauonja, na ukiganda sakafuni utaganda na tumboni.

Mke wangu ni mjamzito, mama mkwe anasema paka aondoke leo. Naomba jibu fupi, tuna kikao jioni.

Paka abaki. Kinachoogopwa ni kijidudu cha toksoplazima, na paka kwa kawaida hukitoa kwenye kinyesi wiki chache tu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza kwa kula panya au nyama mbichi. Mayai yake yakitoka hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa, kwahiyo kinyesi kikichotwa kila siku hayapati huo muda. Nyama isiyoiva vizuri na udongo wa bustani mikono mitupu vinaambukiza watu zaidi kuliko paka anayekaa ndani. Paka asile nyama mbichi, mkeo asiguse beseni, na kama hana budi avae glavu anawe.

Anayechota ni wewe. Mwambie mama mkwe hivyo kwenye kikao, atafurahi, na usiache mtoto akishazaliwa.